Mteja Bora ni Yule Asiyekuja

Jina lake la kuzaliwa alilijua mama yake na ofisi ya vitambulisho. Mtaani alikuwa Povu tu, na jina hilo lilimganda kwa sababu mbili. Ya kwanza, hakuna kinyozi aliyekoroga povu la sabuni kama yeye: zito, la moto, likikaa kidevuni halidondoki hata ukipiga chafya. Ya pili ni mdomo. Mdomo wa Povu haukuwa na breki. Ukikaa kwenye kiti chake ulipata nywele, ndevu na habari za mtaa mzima, na habari hakutoza. "Baba watoto," mkewe alikuwa akimwambia, "mdomo huo utakuja kukuponza." Naye alicheka, akajibu kwamba mdomo huo huo ndio unaosomesha watoto.

Siku hizi ananyoa kimya. Mgeni akiingia dukani anadhani kinyozi ana jino linalomsumbua. Ukitaka kujua kilichomfunga mdomo, vuta kiti usikilize, ila usiharakishe kucheka, maana hata waliocheka siku ile hawapendi kukumbushwa.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja kando ya barabara. Viti viwili, kioo kirefu chenye ufa uliofichwa kwa stika, jiko la umeme la kuchemshia maji ya taulo, na benchi la kusubiria ambalo mguu wake mmoja uliegemezwa kwa kipande cha kigae. Biashara yake ilikuwa ile ya vinyozi wote tangu dunia iumbwe: ukikaa, unalipa, usipokaa, hatudaiani. Mwisho wa mwezi watu walijaa hadi nje. Katikati ya mwezi Povu alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, akajitazama kiooni na kujipa salamu. Lakini alijivunia jambo moja, kwamba kila senti iliyoingia mfukoni mwake ilitokana na kichwa alichokishika kwa mikono yake.

Halafu ng'ambo ya barabara kukafunguliwa saluni ya vioo. Viti vyao vilizunguka, feni ziliimba, na ubao wa nje ulisema kunyoa ni nusu ya bei ya Povu. Povu alicheka sana. "Wale watafunga kabla nywele walizonyoa hazijaota tena," aliwaambia wateja wake. Hawakufunga. Wateja ndio walioanza kupungua, mmoja mmoja, wakipita upande wa pili wa barabara huku wakijifanya kutazama simu. Siku moja akambana dereva mmoja wa malori aliyerudi kwake baada ya kupotea muda mrefu.

"Niambie ukweli. Wanaishije na bei ile?"

"We Povu, unadhani kule wanauza kunyoa?" dereva akajibu. "Kunyoa ni chambo. Ukishakaa, dada mmoja anakusugua uso, mwingine anakukanda mabega, wa tatu anakuuliza kwa huruma mbona mvi zimekuwahi. Unatoka umelipa mara tatu ya kwako, na bado unasema asante."

Kama hilo halikutosha, akatokea kinyozi wa pikipiki. Huyo hakuwa na kodi, hakuwa na benchi, mashine yake ilikaa kwenye mkoba mgongoni. Alikufuata ofisini, alikufuata nyumbani, na alitoza kuliko wote. Watu wenye haraka walimlipa bila kunung'unika, kwa kuwa alichowauzia hasa ni kutokukaa kwenye benchi lenye kigae. Basi Povu akajikuta katikati. Hakuwa wa bei ya chini wala hakuwa wa kukufuata ulipo. Alikuwa pale pale, na mdomo wake.

Mambo yakawa mambo siku mwenye nyumba alipokuja. Alikuwa mama mpole wa sauti lakini mgumu wa kodi. Akamwambia bila kuficha kwamba wale wa saluni ya vioo wanataka stoo, na wamekitamani chumba chake. "Sina ubaya na wewe, mwanangu," alisema. "Lakini kodi isichelewe tena. Ikichelewa, nitawapa." Povu alikuwa amefika kwenye chumba kile akitokea barazani kwa watu, akiwa na kigoda na mkasi. Kurudi barazani akiwa na watoto wakubwa wanaopita njia hiyo kwenda shule, hapana, hilo hakuweza hata kuliwaza hadi mwisho.

Aliyemwokoa alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe, msimamizi wa jumba la mazoezi. Jumapili moja walikuwa wakinywa chai, shemeji akamsikiliza akilia shida zake, kisha akaweka kikombe chini.

"Shemeji, biashara yako ina njaa kwa sababu inakula siku kwa siku. Sisi watu wanatulipa mwezi mzima mbele. Mwanzo wa mwaka utadhani mji wote unataka misuli. Baada ya wiki chache unabaki na wale wachache wenye wazimu wao. Waliobaki wanaendelea kulipa, maana kuacha ni kukiri kwamba kitambi kimeshinda."

"Na siku wakija wote?"

Shemeji alicheka hadi chai ikampalia. "Wakija wote tutakimbia kupitia dirishani! Shemeji, sisi hatuishi kwa wanaokuja. Tunaishi kwa wasiokuja."

Povu hakulala vizuri siku hiyo, na haikuwa kwa huzuni. Wiki iliyofuata alitundika ubao mpya: LIPA MWEZI, NYOLEWA UPENDAVYO. Bei ya kadi aliipanga sawa na kunyolewa mara tatu. Makarani walinunua, wenye maduka walinunua, dereva wa malori alinunua ingawa nusu ya mwezi yuko safarini. Kila mmoja alijiona mjanja, akisema atakuja mara nane. Wengi walikuja mara mbili. Kodi ikalipwa kabla ya tarehe, mwenye nyumba akatabasamu, na Povu akanunua kiti kipya cha kuegemeza nyuma, chenye mto wa kisogo.

Mtu wa kwanza kabisa kununua kadi alikuwa Bwana Barua.

Huyu alikuwa tarishi mstaafu wa posta. Ujana wake wote aliumaliza akisambaza barua mitaa ile, enzi ambazo akina mama walitoka mbio na unga mikononi kumpokea. Alistaafu, lakini mwili haukujua. Bado alitembea wima, shati limepigwa pasi, viatu vyeusi vinang'aa. Mkewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Binti yao wa pekee aliishi mbali, akimpigia simu Jumapili. Alipoelezwa habari ya kadi aliigeuzageuza mkononi, akaipenda.

"Hii ni kama stempu," alisema. "Mtu analipa kwanza, halafu anakuamini."

"Umesema kweli, mzee wangu," Povu akajibu, akakimbilia kupokea pesa.

Kati ya hawa wawili palikuwa na mambo ya zamani. Povu alipoanza kazi barazani, kijana mwenye mkono unaotetemeka, hakuna aliyethubutu kumpa kichwa. Bwana Barua alikaa kwenye kigoda, na Povu akamkata sikio. Damu ilichuruzika hadi kwenye kola ya sare. Kijana alijua riziki imekwisha kabla haijaanza. Kesho yake tarishi alirudi na plasta sikioni, ameongozana na matarishi wenzake wawili. "Kaeni," aliwaambia. "Huyu ameshajua sikio lilipo, hawezi kukosea tena." Na mkewe Bwana Barua ndiye aliyekuja asubuhi baada ya asubuhi kumwogesha mtoto wa kwanza wa Povu, wakati mke wa Povu alipojifungua na hana mama wala dada karibu. Watu wa namna hiyo ukiwasahau, sijui utamkumbuka nani.

Basi Bwana Barua akaanza kuja. Akaja kesho, na keshokutwa, na mtondo. Kila siku saa kumi na moja jioni, viatu vinang'aa, kadi mfukoni mwa shati. Mwanzoni Povu alimtania. "Mzee, ndevu zenyewe nilizimaliza jana."

"Kadi inasema nipendavyo," mzee akasema, "nami napenda."

Akalala kwenye kile kiti kipya, akafumba macho. Povu akampaka povu kwenye shavu laini, akaliondoa lile povu kwa wembe, na hapakuwa na kingine cha kuondoa. Mzee hakuzungumza sana. Alichokitaka kilionekana wazi kwa mtu yeyote mwenye macho: joto la taulo, mkono wa mtu shavuni, na sauti za watu pembeni. Nyumbani kwake hivyo vyote vilikuwa vimezikwa. Povu aliliona, usije ukadhani hakuliona. Aliliona kisha akaliweka kando, kwa sababu saa kumi na moja jioni ndiyo saa watu wanatoka kazini. Mtu asiye na kadi alichungulia mlangoni, akaona kiti kizuri kina mtu, akavuka barabara. Na kila siku shavu lile lilikula maji ya moto, taulo safi, sabuni na wembe.

Zamani mteja akitokea mlangoni moyo wa Povu ulifurahi. Sasa kivuli kirefu cha mzee kikiingia, moyo ulisononeka, naye alijishangaa. Alikuwa amegeuka kinyozi anayeombea watu wasije. Aibu hiyo ya kwanza ilikuwa ndogo, akaimeza. Akaanza hila ndogondogo. Taulo akalileta la uvuguvugu. Povu akalikoroga jepesi, yeye Povu! Akatumia wembe wa jana. Mzee hakulalamika. Akajaribu ushauri.

"Mzee wangu, ngozi yako itaumia. Ipumzishe kidogo."

"Ngozi yangu inapumzika vya kutosha nyumbani," mzee akajibu, na kufumba macho.

Sasa sikiliza siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa, duka limejaa. Povu alikuwa amemlaza Bwana Barua, amemfunika shuka la kunyolea hadi miguuni, na safari hii alimwekea usoni taulo la moto hasa, kwa sababu alitaka alale kidogo ili awahi kuwanyoa waliosubiri kiti cha pili. Kila kinyozi anajua jambo hili ingawa halisemi: mtu akishafunikwa taulo usoni, anaacha kuwa mtu. Anakuwa kazi inayosubiri. Unaweza kumsahau kama unavyosahau sufuria jikoni.

Shemeji akaingia na rafiki zake wawili. "Shemeji! Zile kadi vipi?"

Povu akageuka, mashine mkononi, na mdomo ukatangulia. "Zinalipa, shemeji! Umenifungua macho. Mteja bora ni yule anayelipa halafu haji!"

Benchi lote likacheka. Kicheko kwa mtu kama Povu ni petroli.

"Na mteja mbaya?" rafiki mmoja akachokoza.

"Mbaya? Mbaya ni kama mzee wangu wa barua. Analipa mara moja, anakuja kila siku! Ndevu hana, pa kwenda hana. Mimi sasa ndiye mke wake, nampapasa shavu kila jioni, tena bure!"

Walicheka hadi benchi likateleza kwenye kigae. Povu naye alicheka, akajifuta machozi kwa kiwiko, na hapo macho yake yakashuka chini. Chini ya shuka la kunyolea palitokeza viatu viwili vyeusi, vinang'aa.

Kicheko kikakatika. Wengine wakafuata macho yake, wakanyamaza mmoja baada ya mwingine. Shemeji alikumbuka kwamba ana haraka. Povu akakiendea kiti, akaliinua lile taulo. Uso wa mzee ulikuwa umelowa kwa mvuke, macho yamefumbwa. Amelala, Povu akajiambia. Mungu mkubwa, amelala. Akampaka povu, akamnyoa polepole kama siku zile za barazani. Alipofika karibu na sikio alisimama, akavuta pumzi.

Mzee akafumbua macho. "Nilisinzia kidogo," akasema. "Taulo la leo lilikuwa la moto vizuri." Akasimama, akanyoosha shati, akavaa kofia. "Asante, mwanangu. Mungu akuzidishie."

Kesho yake saa kumi na moja, hakuja. Wala keshokutwa.

Povu aliishikilia ile kauli ya kusinzia kwa mikono miwili. Mwezi mpya ulipoingia, simu yake ililia: Bwana Barua amelipia kadi. Povu akaruka. "Unaona?" akamwambia mkewe, ambaye hakujua chochote. "Mtu akiudhika halipi!"

"Aliudhika na nini?" mkewe akauliza.

"Hapana, nasema tu."

"Na kama amelipa, mbona haji?"

Povu akasema wazee wana mambo yao. Mwezi wa pili malipo yakaja tena, na mzee hakuja. Jioni kiti kizuri kilikuwa wazi, watu wasio na kadi wakakaa, wakalipa. Pesa ziliingia kwa milango miwili. Hapo ndipo, ukitaka kujua, Povu alipotenda baya kuliko lile la mdomo. Alishukuru. Alipita siku nzima akishukuru kimoyomoyo kwamba mzee haji. Mdomo uliteleza, sawa, midomo huteleza. Lakini kushukuru kule alikufanya kwa akili timamu.

Ila kitu kilimkereketa. Alianza kuona wivu, fikiria! Akashuku kwamba mzee ananyolewa kwingine. Alivuka barabara, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akauliza kwenye saluni ya vioo. Hawakumjua. Akamsimamisha kinyozi wa pikipiki.

"Yule tarishi? Niligonga mlango wake mara moja," kijana akasema. "Aliniambia ana kinyozi wake."

Wiki hiyo mtoto wa Povu alikohoa, Povu akaenda duka la dawa. Foleni ilikuwa ndefu. Alikuwa bado nyuma ya kabati la sabuni alipomwona mzee mbele, akapigwa na butwaa. Shati lilikuwa limepigwa pasi kama kawaida. Lakini uso! Ndevu nyeupe zilikatwa kwa mkasi, huku fupi huku ndefu, na kidevuni palikuwa na pamba yenye doa la damu. Mama mmoja alimpisha mbele, akidhani anaumwa.

"Pole, baba," mama akamwambia. "Kwani kwenu hakuna kinyozi?"

"Yupo," Bwana Barua akajibu, kwa ile sauti yake ya kutangaza barua. "Tena mzuri kuliko wote. Ni mimi tu sijapata nafasi."

Povu alijibanza nyuma ya kabati. Mwanamume mzima, baba wa watoto, alijificha nyuma ya sabuni hadi mzee alipolipa na kuondoka. Alirudi nyumbani bila dawa. Mkewe alipomuuliza, akasema foleni ilikuwa ndefu. Mkewe akamtazama tu.

Siku kadhaa alipita njia ya nyuma ili asipite nyumba ya mzee. Dukani alinyoa, akajibu ndiyo na hapana. Wateja wakamtania kwamba povu limekauka. Mwishowe, Jumamosi moja, mkewe alikunja kanga, akakaa mbele yake.

"Baba watoto, sema. Umemfanya nini mzee wa watu?"

Akasema. Alijaribu kuifupisha, mkewe akakataa, akataka neno kwa neno. Alipofika kwenye lile la mwisho, alilisema akitazama sakafu.

"Ulisema wewe ndiye mke wake?" mkewe akauliza polepole. "Yule mama aliyeniogeshea mtoto, mimi nikiwa siwezi hata kuinuka?"

Povu akaokota kiatu cha mtoto, akakirudisha chini.

"Mbele ya mdogo wangu? Na watu wakacheka?"

Hakugomba. Angegomba, Povu angejitetea. Kujitetea alikuweza sana. Mkewe aliinuka akaingia chumbani, na Povu akabaki na watoto wanaomkodolea macho. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Alitamani ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka, basi akaoga, akafunga brashi, wembe mpya, taulo na chupa ya maji ya moto kwenye mkoba, akatia kwenye bahasha pesa za ile miezi ya kadi, akaenda. Njiani kinyozi wa pikipiki alimpita, akapiga honi. "Mshindani! Na wewe unafuata wateja majumbani?" Povu akakaza mwendo.

Mzee mwenyewe alifungua mlango. Alipomwona, uso ulimchangamka, kisha akakumbuka ulivyo, akafunika kidevu kwa kiganja.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, marahaba! Karibu ndani. Nisamehe kwa sura hii, mwanangu. Sikujua ungekuja."

Yeye ndiye aliyeona aibu! Povu nusura ageuke arudi. Aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti. Sebule ilikuwa safi mno, kila kitu kimenyooshwa na mtu mwenye siku ndefu. Ukutani picha ya marehemu ilimtazama kwa lile tabasamu lake. Povu akaweka bahasha mezani.

"Pesa zako, mzee wangu. Za miezi ambayo hukuja."

"Za nini tena? Nililipa kwa hiari yangu."

"Lakini hukunyolewa."

"Sasa si ndiyo maana yake?" Mzee alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama anayemweleza mtu biashara yake mwenyewe. "Wewe ulisema mteja bora ni yule anayelipa halafu haji. Nikasema kumbe! Kumbe miezi yote hiyo nimekuwa nikimtia hasara huyu kijana, wala sina habari. Mimi kazi yangu ilikuwa barua, mambo ya biashara siyajui. Ungeninong'oneza tu, mwanangu, ningeelewa." Akaisukuma bahasha irudi. "Nikasikia pia wale wa ng'ambo wanakitaka chumba chako. Basi nikaona, la kunyoa nitahangaika nalo mwenyewe na mkasi. Wewe nikufanyie hilo moja, niwe mteja bora."

Povu alifungua mdomo. Mdomo ule, uliozoea kumpa neno kabla hajalitafuta, ulifunguka ukabaki hivyo hivyo, mtupu. Alingoja mzee alitaje lile la mke. Angelitaja, angekasirika, angemfukuza, Povu angepata pa kupigia magoti. Mzee hakulitaja. Alitazama tu picha ukutani, mara moja, haraka, kisha akatazama mikono yake. Povu akajua amelisikia, na kwamba hatalisema kamwe, na kwamba ndilo lililomfanya ajinyoe mwenyewe akijikata.

"Kaa nikunyoe," Povu akasema mwishowe.

"Usipoteze wembe wako."

"Mzee wangu, nakuomba."

Mzee akasita, kisha akavuta kiti cha meza ya chakula, akaketi wima kama anayepigwa picha. Povu akamfunga taulo shingoni. Akakoroga povu kama alivyolikoroga zamani, kabla ya kadi, zito na la moto. Akalowesha taulo la pili, akalikamua, akalilaza juu ya ule uso uliochakazwa na mkasi. Pua ikapotea, macho yakapotea. Palibaki taulo na viatu viwili vinavyong'aa.

Na kwa sababu sasa hakuna aliyemtazama, Povu akaweza. Alinong'ona, kama mtu anayejisemea peke yake, chini chini, akiwa na hakika hasikiki.

"Nisamehe. Na mama naye anisamehe."

Kisha mkono wa mzee ukapapasa hewani, ukaupata mkono wa kinyozi, ukaushika.

"Sema tu kwa sauti, mwanangu," akasema Bwana Barua. "Huku chini kunasikika vizuri sana."